Octavia Butler na boksi: mwandishi anakula nini kati ya kitabu na kitabu?



Historia ya fasihi tunayofundishwa mara nyingi ni orodha. Fulani alizaliwa mwaka huu, akatoa kitabu hiki, akafuatisha kile, akapata tuzo, akafariki. Orodha hiyo si uongo, ila imeruka jambo kubwa, nalo ni ile miaka ya katikati. Baada ya kitabu kimoja kutoka na kabla kingine hakijaja, mwandishi alikula nini? Kodi ya nyumba alilipaje? Nataka tulitazame suala hili kupitia maisha ya Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyeandika riwaya za kisayansi, kisha tugeuke tutazame kwetu pwani, maana na sisi tuna letu.

Octavia alizaliwa Pasadena, California, tarehe 22 Juni 1947. Baba yake, aliyekuwa mpiga viatu rangi, alifariki binti akiwa bado mdogo. Mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu, na vitabu vilivyotupwa na waajiri wake alivibeba akampelekea mwanawe. Mtoto mwenyewe alikuwa mrefu kuliko wenzake, mwenye haya, na kusoma kulimpa tabu kwa sababu ya disleksia. Alipokuwa na miaka kama 12 alitazama kwenye televisheni filamu moja mbovu kuhusu mwanamke aliyetoka sayari ya Mars, akajiambia, aa, hata mimi naweza kutunga bora kuliko hii! Tangu hapo hakuacha.

Mwaka 1970 alikwenda warsha ya waandishi ya Clarion, huko Pennsylvania, akauza hadithi zake mbili za kwanza. Mtu angesema mambo tayari. Lakini wapi! Moja ilitoka mwaka 1971. Ya pili ilinunuliwa na Harlan Ellison kwa mkusanyiko ambao ulikwama miaka na miaka, na hadithi hiyo haikufika kwa wasomaji mpaka 2014, wakati mtungaji wake alikuwa kaburini miaka 8. Baada ya Clarion ikapita miaka 5 bila ya kuuza kitu chochote.

Sasa katika miaka hiyo alifanya nini? Alibeba boksi. Msemo huu wa Watanzania wa ughaibuni unamfaa hasa. Aliosha vyombo, alifanya kazi za ghala, aliuza bidhaa kwa simu, hata alikaa kiwandani kukagua chipsi za viazi, zipi nzuri na zipi za kutupwa. Na hakuangukia kazi hizo kwa kukosa nyengine. Alizichagua kwa makusudi kwa sababu hazikumla akili. Mwalimu au karani anarudi nyumbani na kazi kichwani, bali muosha vyombo akivua aproni basi, kichwa ni chake. Alikuwa akiamka saa 8 au saa 9 za usiku, akiandika mpaka alfajiri, kisha anapanda basi kwenda kazini. Gari hakuwa akiendesha.

Hapa lazima tuelewe biashara ya vitabu ilivyokwenda. Mchapishaji humpa mwandishi malipo ya awali, na mrabaha hauji mpaka mauzo yafidie malipo hayo. Kwa riwaya za kisayansi za miaka ya 1970, hasa za mwandishi mgeni, malipo hayo yalikuwa madogo, hayafiki mbali. Kwa hiyo aliyetaka kuishi kwa kalamu ilimbidi atoe kitabu juu ya kitabu. Tazameni miaka ya Octavia: Patternmaster 1976, Mind of My Mind 1977, Survivor 1978, Kindred 1979, Wild Seed 1980. Vitabu 5 ndani ya miaka 5! Mhakiki anaweza kusema hii ni kasi ya kipaji. Kipaji kipo, sikatai, lakini na njaa ipo.

Ushahidi ni Survivor. Octavia alitaka kuandika Kindred, kisa cha mwanamke mweusi wa mwaka 1976 anayevutwa kurudi zama za utumwa katika jimbo la Maryland. Kuandika utumwa kwa kubahatisha hakutaka. Alitaka kuiona ardhi yenyewe. Nauli hana. Basi akauza Survivor kabla haijamridhisha, akapata fedha, akapanda basi la Greyhound kutoka California kuvuka bara zima mpaka Maryland. Alizuru pia Mount Vernon, shamba la George Washington, akakuta waongozaji wa wageni hawasemi "watumwa", wanasema "watumishi". Kindred kikawa kitabu chake kinachosomeshwa zaidi mashuleni na vyuoni Marekani. Survivor, kwa upande wake, alikichukia mpaka akakataa kisichapishwe tena. Yaani kitabu kimoja kilichinjwa ili kingine kiishi. Katika orodha ya vitabu vyake vimekaa jirani kwa utulivu, mmoja 1978 na mwengine 1979, na msomaji hana habari ya deni lililopo baina yao.

Miaka ya 1980 ikaja na tuzo. Mwaka 1984 alipata Hugo kwa hadithi yake Speech Sounds, na baadaye Bloodchild ikachukua Hugo na Nebula. Tuzo ni heshima, lakini sote tunajua heshima hailipi bili ya umeme. Mlango uliofunguka kweli ni wa mwaka 1995, pale taasisi ya MacArthur ilipompa ruzuku ya dola 295,000, inayolipwa kidogo kidogo kwa miaka 5. Alikuwa mwandishi wa kwanza wa riwaya za kisayansi kuipata. Alinunua nyumba, akaishi na mama yake, lakini mama mwenyewe hakuifaidi sana, alifariki 1996.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo vitabu vingemiminika. La, haikuwa hivyo. Parable of the Talents ilitoka 1998, kisha kimya cha miaka 7. Alikuwa akiandika mwendelezo wake, anaanza, anafuta, anaanza tena, na haukukamilika. Kulikuwa na maradhi pia: dawa za shinikizo la damu zilimlegeza na kumzimia moto wa kuandika. Mwaka 2005 ikatoka Fledgling, na tarehe 24 Februari 2006 akafariki, umri miaka 58. Kwa hivyo wale wenzetu wanaosema "nikipata fedha nitaandika" wana nusu ya ukweli tu. Fedha huondoa kizuizi kimoja. Mwili na nafsi vina hesabu yao.

Haya yote tunayajuaje? Kwa sababu Octavia hakutupa karatasi. Nyaraka zake zilifika maktaba ya Huntington, California, mwaka 2008, zaidi ya masanduku 300. Mna miswada iliyokwama, hesabu za matumizi, mambo ya kununua, na maneno ya kujitia moyo. Katika daftari la mwaka 1988 alijiandikia kwamba vitabu vyake vitaingia orodha za vinavyouzwa sana. Ilikuwa 2020 ndipo Parable of the Sower, kilichotoka 1993 na kinachoanzia katika mwaka 2024, kilipoingia orodha ya New York Times. Hakuwepo kuiona.

Sasa tugeuke kwetu. Shaaban Robert alitupa nchi inayoelea angani katika Kusadikika, mwaka 1951, naye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Katama Mkangi wa Kenya alitupa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo anarushwa kwa chombo mpaka sayari nyengine na kukuta jamii yenye haki. Katika orodha, Mkangi ana Ukiwa 1975, Mafuta 1984, Walenisi 1995. Msomaji wa juu juu atasema huyu bwana alikuwa mvivu, riwaya 3 kwa miaka 20! Lakini ndani ya nafasi ile ya 1984 mpaka 1995 kuna mwaka 1986, alipokamatwa na serikali ya Moi akawekwa kizuizini bila kushitakiwa. Kuna kufundisha sosholojia, kuna siasa ambazo mwaka 1997 zilimfikisha kugombea urais. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2004. Ukiisoma Walenisi, ambayo ndani yake mna hukumu ya kifo na kutoroka, huku unajua ile nafasi imejaa nini, unasoma kitabu chengine kabisa.

Swali langu basi ni hili. Karatasi za waandishi wetu ziko wapi? Octavia, binti wa mfanyakazi wa ndani, ana masanduku zaidi ya 300 yanayotunzwa, na mtafiti akitaka kujua alilipwa nini na alikwama wapi, anafungua na kusoma. Waandishi wetu wengi karatasi zao zimo katika makabati ya familia, Tanga, Unguja, Mombasa, zikiliwa na mchwa, au zimo katika vyumba vya kupanga Muscat, London na Toronto, na wajukuu wasioweza kuzisoma. Tunaofundisha fasihi ya Kiswahili tumezoea kuuliza kitabu kina dhamira gani. Tuulize pia mtungaji alikuwa akifanya kazi gani alipokiandika, usiku au mchana, na mchapishaji alimlipa kiasi gani. Aliye na mzee anayeandika amuulize sasa, na daftari zake asizitupe.

Na kwa walio na mswada chini ya kitanda huku wakienda zamu za usiku: miaka hii nayo ni sehemu ya historia ya kitabu. Andikeni tarehe.

Wasalaam.