Ampuli ya kuokoa umeme: nani alilipa, nani alifaidi?

Saa moja ya jioni, katika mitaa mingi ya Bukavu, ampuli ya zamani ya wati 60 inawaka nyekundu kama kaa la makala. Umeme umepungua nguvu kwa sababu kila nyumba imewasha kwa wakati mmoja. Nyumba ya pili haina waya hata mmoja. Humo familia iliyokimbia vita imepokelewa na ndugu, na inaangaziwa na kitaa cha jua cha wati moja tu, lakini mwanga wake ni mweupe na mtoto anaweza kusoma. Kati ya taa hizo mbili kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ndani yake siasa na pesa zimekuwa na nguvu kuliko ufundi.

Ampuli ya kwanza yenye soko ilitoka mwaka 1879, kazi ya Thomas Edison huko Marekani, wakati Joseph Swan naye akifanya kazi hiyo hiyo Uingereza. Baadaye uzi wake wa ndani ulianza kutengenezwa kwa wolframu, madini ambayo wachimbaji wa Kivu wanayajua vizuri. Uzi huo unapashwa moto mpaka ung'ae. Ndiyo sababu zaidi ya 90 kwa mia ya umeme inapotea kama joto, na kinachobaki kidogo ndicho mwanga. Kwa muda mrefu hasara hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu aliyeuza ampuli alipata faida, na aliyeuza umeme alipata zaidi.

Mwaka 1924 viwanda vikubwa, kama Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, vilikutana Geneva na kuunda muungano ulioitwa Phoebus. Viligawana masoko ya dunia, kisha vikakubaliana kwamba ampuli isidumu zaidi ya saa 1,000, ijapokuwa nyingine zilikuwa zimeshafikia saa 1,500 na hata 2,000. Sampuli zilipimwa Uswisi, na kiwanda ambacho ampuli zake zilidumu mno kilitozwa faini. Vita vya pili vya dunia ndivyo vilivyovunja muungano huo. Lakini mnunuzi aliendelea kununua ampuli inayokufa upesi.

Mambo yalianza kubadilika baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Injinia Edward Hammer wa General Electric alifaulu, mwaka 1976, kukunja mrija wa taa ndefu ukawa mdogo kama ampuli ya kawaida. Ilitumia kama robo ya umeme wa ile ya zamani. Hata hivyo kampuni haikuitengeneza. Viwanda vipya vingegharimu takribani dola milioni 25, na wakubwa wake waliona afadhali kungoja. Ni Philips iliyoanza kuuza taa ndogo ya aina hiyo mwaka 1980, nayo ilikuwa ghali sana kwa mtu wa kawaida.

Nchi iliyobadilisha taa zake kwa kasi haikuwa tajiri. Ni Cuba. Miaka ya 2004 na 2005 mitambo yake ya umeme ilikuwa imechakaa, na giza lilikuwa jambo la kila siku. Serikali ya Fidel Castro ikatuma vijana nyumba kwa nyumba. Walitoa ampuli mpya bure, wakachukua za zamani. Takribani ampuli milioni 9 zilibadilishwa, na kuingiza zile za zamani nchini kukakatazwa. Hesabu ya serikali ilikuwa wazi: kugawa ampuli bure ni rahisi kuliko kujenga kituo kipya cha umeme.

Hesabu hiyo ilifika karibu na Kongo muda mfupi baadaye. Maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka, mabwawa ya Jinja yalipungukiwa, na Uganda ikalazimika kukodi majenereta ya mazuti kwa bei kali. Mwaka 2007, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iligawa ampuli 800,000 za kuokoa umeme. Mzigo wa saa za jioni ulishuka kwa takribani megawati 30, karibu sawa na nguvu ya bwawa zima la Ruzizi I. Mwaka huo huo Rwanda, nayo ikiwa imechoshwa na gharama ya mazuti, ilianza mpango kama huo.

Nchi tajiri zilichagua njia ya sheria. Australia ilitangaza marufuku mwaka 2007. Umoja wa Ulaya ulianza Septemba 2009 kwa kuondoa ampuli za wati 100, ukamaliza mwaka 2012. Ujerumani watu walinunua maboksi na kuyaficha nyumbani. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 chini ya George W. Bush, lakini baadaye wanasiasa wengi wa chama chake mwenyewe walisema serikali haina haki ya kumchagulia raia taa. Serikali ya Donald Trump iliizuia mwaka 2019, ya Joe Biden ikaifufua, na utekelezaji kamili ukaanza Agosti 2023.

Wakati huo taa nyingine ilikuwa imeshinda zote. Ni LED. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kugundua LED ya buluu, ambayo bila yake mwanga mweupe haupatikani. LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ampuli ya zamani ya wati 60. Haina zebaki, tofauti na mrija uliokunjwa. Zebaki ni sumu, na mrija ukivunjika ndani ya chumba inafaa kufungua madirisha na kuwaondoa watoto.

Sumu hiyo ilileta siasa nyingine. Nchi za Afrika ziliogopa kwamba taa zilizokataliwa Ulaya zingemwagwa katika masoko yao. Zilipeleka hoja kwenye Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, na mwaka 2022 mkutano wa mkataba huo ukakubali kwamba taa ndogo za mrija ziondolewe sokoni kufikia mwisho wa 2025. Safari hii Afrika ndiyo iliyosukuma.

Kongo yenyewe ina historia yake. Inga I ilianza kazi mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982. Kisha waya wa karibu kilometa 1,700 ukavutwa mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya Katanga. Waya huo ulipita juu ya vijiji ambavyo havikupata hata ampuli moja. Mpaka leo ni takribani mtu mmoja kati ya watano nchini anayepata umeme. Ruzizi II, iliyomalizika mwaka 1989, inagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Hapo ndipo swali la nani anafaidi linarudi. Wateja wengi wa SNEL hawana mita. Wanalipa bei ile ile kila mwezi, wawashe taa moja au kumi. Kwao kununua LED hakupunguzi faktire hata franka moja, kwa hiyo wengi wanachukua ampuli ya bei ndogo. Anayelipa kabla ya kutumia, kama wateja wa umeme wa Matebe huko Rutshuru na Goma, anaiona tofauti upesi. Nyumba yenye ampuli nne za wati 60 inakula wati 240. Ikiweka LED nne za wati 9, inakula 36. Umeme wa nyumba moja unatosha nyumba sita. Kabla ya kuwaambia wakaaji waokoe umeme, inafaa wapewe mita.

Tena ampuli nzuri haileti umeme. Mapigano ya Januari 2025 yalipokata umeme wa Goma, pampu za maji zilisimama pia, na watu wakarudi kuchota ziwani.

Kwa familia zilizohama, LED imefanya kazi ambayo gridi haikufanya. Kwa sababu inatumia umeme kidogo sana, pano ndogo ya jua inatosha. Inaondoa kibatari na mshumaa, ambavyo vimeunguza vibanda vingi vya turubai, na mama anayetoka usiku kwenda chooni anaona anayemkaribia. Taa hiyo haina faktire, na familia ikilazimika kuhama tena, inaingia mfukoni.