Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake: Walimu na Alama za Wanafunzi katika Shule za Uingereza tangu 1862

Mwalimu anapogunduliwa ya kuwa ameandika kwa mkono wake kazi iliyompasa mwanafunzi, au ameongeza alama zisizostahiliwa, watu husema upesi kwamba maadili yameharibika. Neno hilo lina kweli yake, walakini halielezi kwa nini udanganyifu wa namna hii huzuka kwa wingi chini ya kanuni fulani, na huwa haba chini ya kanuni nyingine, hali walimu ni watu wale wale. Historia ya shule za Uingereza yafaa kutazamwa kwa ajili hiyo. Mara mbili nchi hiyo imefanya alama ya mtoto kuwa kipimo cha mwalimu wake, na mara zote mbili yaliyotokea yaliandikwa kwa urefu na maofisa wa serikali yenyewe.

Mara ya kwanza ilianzia katika tume iliyoundwa mwaka wa 1858 chini ya Duke wa Newcastle, ikatoa taarifa yake mwaka wa 1861. Serikali ilikuwa ikitoa fedha nyingi kusaidia shule za watoto wa maskini, na tume ikaona ya kuwa wengi wa watoto hao hawakuwa wakifundishwa vema hata kusoma, kuandika na kuhesabu. Robert Lowe, aliyesimamia mambo ya elimu katika serikali, akaleta Kanuni Zilizorekebishwa za mwaka wa 1862. Aliliahidi Bunge kwamba ikiwa mpango huo hautakuwa rahisi kwa gharama, basi utakuwa na manufaa. Na ikiwa hautakuwa na manufaa, basi utakuwa rahisi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kwa kila mtoto shule ilipata shilingi 4 kwa kadiri ya wastani wa mahudhurio, na kwa kila mtoto aliyetimiza miaka sita na kuhudhuria zaidi ya mara 200, iliweza kupata shilingi 8 nyingine. Lakini hizo shilingi 8 zilifungwa na mtihani. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, akamwita kila mtoto, akampima katika kusoma, kuandika na hesabu. Na kwa kila somo ambalo mtoto alishindwa, shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Kabla ya hapo mwalimu mwenye cheti alipata nyongeza ya mshahara kutoka serikalini. Sasa nyongeza hiyo ilifutwa; fedha zote zikapewa wasimamizi wa shule, na wengi wao wakamlipa mwalimu kwa kadiri ya ruzuku iliyopatikana. Mtihani wa mtoto ukawa mtihani wa mwalimu, kwa maana zote mbili za neno hilo katika Kiswahili: jaribio la masomo na taabu ya maisha.

Katika jambo moja Lowe alisema kweli. Ruzuku ya serikali, iliyokuwa imezidi pauni 800,000 katika mwaka wa 1861, ilishuka ikawa kadiri ya pauni 640,000 katika mwaka wa 1865. Lakini ndani ya madarasa yalizuka mambo ambayo hayakuwamo katika ahadi yake. Madhali mahudhurio yalikuwa fedha, daftari za mahudhurio zikaanza kujazwa majina ya watoto ambao hawakuwapo, hata wakaguzi wakalazimika kuja kwa ghafula ili kuzilinganisha na madawati. Madhali kitabu cha kusomea kilijulikana mapema, watoto wakakariri kurasa zake zote. Masimulizi ya wakati ule yasema ya kuwa walikuwako waliosoma sawasawa hali kitabu wamekishika juu chini. Watoto wagonjwa walichukuliwa kutoka vitandani siku ya ukaguzi, kwa kuwa mtoto asiyehudhuria siku ile hakuleta hata peni moja. Na wale wazito wa kushika walirudishiwa maneno yale yale mwaka mzima, na wale wepesi wakaachwa wakae bure, kwani mtoto mwepesi alikwisha kuwa na shilingi zake mfukoni.

Matthew Arnold, mshairi, alikuwa mmoja wa wakaguzi hao tangu mwaka wa 1851 hata 1886. Katika mwaka wa 1862 aliandika kuipinga kanuni hiyo, na katika taarifa zake za baadaye akaeleza kwamba imegeuka kuwa mchezo wa hila baina ya mkaguzi na mwalimu, na kwamba katika mchezo huo mwalimu hana budi kujifunza namna ya kushinda. Arnold hakusema hayo ili kuwatukana walimu. Alikuwa akisema ya kuwa kanuni iliwaita mchezoni na kuwalipa kwa kuucheza.

Wala ofisi yenyewe ya elimu haikuepuka shutuma ya kuficha kweli. Mwezi wa Aprili 1864 Bunge lilipitisha azimio la kuilaumu kwa kuondoa katika taarifa za wakaguzi maneno yasiyopatana na maoni yake, na Lowe akajiuzulu. Kamati iliyochunguza baadaye ilimwondolea lawama, na azimio likafutwa katika mwaka ule ule. Hata hivyo kisa hicho chaonyesha ya kuwa alama na taarifa zinapobeba heshima ya anayezitoa, wenye kushukiwa hawawi walimu peke yao.

Chama cha walimu wa shule za msingi, kilichoanzishwa mwaka wa 1870, kilipigana na malipo hayo kwa miaka mingi, nayo yakaondolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1890. Edmond Holmes, aliyeingia katika kazi ya ukaguzi mwaka wa 1875 akapanda hata kuwa mkaguzi mkuu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1911 kwamba utaratibu ule uliwazoeza walimu kutazama sura ya nje ya elimu, na kwamba mazoea hayo yaliendelea kuishi baada ya kanuni kufa.

Yafaa kuangalia ya kuwa katika mpango wa 1862 mtahini alikuwa mgeni. Mwalimu hakujitolea alama mwenyewe. Kwa hiyo wale wasemao kwamba dawa ya udanganyifu ni kumleta mtahini kutoka nje, hawana budi kukumbuka ya kuwa mtahini wa nje alikuwapo kwa miaka zaidi ya thelathini, na hila zikapita mbele ya macho yake.

Mara ya pili njia ilikuwa nyingine. Katika mwaka wa 1965 ulianza mtihani ulioitwa CSE, kwa ajili ya wanafunzi ambao mtihani wa zamani uliwapita kimo. Mojawapo ya namna zake tatu iliwapa walimu wenyewe kutunga mtihani na kuusahihisha, ikiwa ni pamoja na kazi ambazo mwanafunzi amezifanya katika muda wa masomo. Malalamiko hayakukosekana, lakini zaidi yalihusu kama alama ya shule moja ni sawa na alama ya shule nyingine. Kisha mitihani hiyo miwili ikaunganishwa kuwa mmoja, GCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1988. Humo kazi za mwaka zilipewa nafasi kubwa, hata katika Kiingereza mwanafunzi aliweza kupata cheti kwa kazi hizo peke yake, pasipo mtihani wa mwisho. Sababu yake ilikuwa njema: insha iliyofikiriwa kwa majuma, uchunguzi wa mto au wa soko, na mazungumzo ya wanafunzi, ni mambo ambayo saa mbili za ukumbi haziwezi kuyapima.

Lakini tangu mwaka wa 1992 serikali ilianza kutangaza majedwali yaliyopanga shule kwa hesabu ya wanafunzi waliopata daraja la C au zaidi katika masomo matano. Baadaye Kiingereza na hesabu zikafanywa za lazima katika hesabu hiyo. Wazazi walichagua shule kwa majedwali hayo. Wakaguzi waliyasoma kabla ya kuingia mlangoni. Mwalimu mkuu aliweza kupoteza kazi kwa ajili yake. Shilingi 2 na peni 8 zilikuwa zimerudi kwa jina jingine. Tofauti ni kwamba safari hii mizani ilikuwa mkononi mwa mwalimu mwenyewe, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Serikali iliuona mwendo huo ikapunguza kazi za mwaka katika miaka ya 1990. Uchunguzi wa mwaka wa 2005 ulionyesha wasiwasi juu ya msaada uliopita kiasi kutoka kwa walimu na wazazi, na juu ya maandishi yaliyonakiliwa kutoka katika intaneti. Tangu mwaka wa 2009 kazi hizo zikaondolewa nyumbani, zikafanywa darasani chini ya usimamizi, na walimu wakaendelea kuzisahihisha. Bodi za mitihani zilichukua sampuli ili kuzihakiki. Ikiwa tofauti ilikuwa ndogo, alama za mwalimu ziliachwa kama zilivyo.

Katika mwaka wa 2012 jambo lilipasuka. Alama 60 katika kila 100 za Kiingereza zilitoka katika kazi hizo. Mpaka wa daraja la C uliotumika mwezi wa Januari ulijulikana, na walimu wengi walitazamia ya kuwa mwezi wa Juni utakuwa pale pale. Mpaka ukapandishwa, na maelfu ya wanafunzi waliotegemea C wakapata D. Ofqual, idara inayosimamia mitihani, ilipozichunguza alama, ilikuta ya kuwa zimesongamana juu kidogo tu ya mpaka ule wa zamani, kana kwamba wanafunzi wengi wamefika kwenye kizingiti kimoja wakasimama. Taarifa yake ya mwezi wa Novemba haikusema ya kuwa walimu wamekuwa watu wabaya. Ilisema ya kuwa wamebanwa mno na vipimo vya shule, na kwamba mtihani wenyewe uliundwa vibaya kwa hali ile.

Muungano wa shule, halmashauri na wanafunzi ulikwenda Mahakama Kuu, ukashindwa mwezi wa Februari 2013. Majaji walikubali ya kuwa wanafunzi hawakutendewa sawa, lakini waliona ya kuwa kasoro ilikuwa katika muundo wa mtihani wenyewe.

Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Mwalimu aliyetoa alama za haki hakulipwa kwa haki yake. Mpaka ulipandishwa kwa sababu ya wale walioongeza, nao ukawaangukia wote pamoja. Mwanafunzi wa mwalimu mwaminifu, ambaye alama zake hazikuvutwa hata kidogo, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kuanguka. Utaratibu unaomfanya mtu mwaminifu awaponze watoto wake hauwezi kutengenezwa kwa mahubiri. Wala haifai kumwondolea mwalimu lawama yote. Amwandikiaye mwanafunzi insha humnyang'anya nafasi ya kujua kwamba hajui kuandika.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kukata. Mwezi wa Agosti 2013 ilitangazwa ya kuwa alama za kusema na kusikiliza hazitahesabiwa tena katika daraja la Kiingereza, bali zitaandikwa kando. Mitaala mipya iliyoanza kufundishwa mwaka wa 2015 iliziondoa kazi za mwaka katika masomo mengi. Kwa mtu ashughulikaye na lugha, hasara hii si ndogo. Lugha ni sauti kabla ya kuwa maandishi. Chini ya kanuni ya 1862 mtoto alipata alama kwa kutoa sauti isiyo na maana. Baada ya 2013 sauti yake yenye maana haikuingia tena katika daraja lake. Lakini majedwali ya shule, yaliyozivuta alama, yaliendelea kutangazwa, ijapokuwa kwa hesabu mpya.

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki, ambayo shule zake zilirithi mitihani ya Cambridge. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikataa mtihani wa mwisho uwe kipimo cha pekee cha mwanafunzi, na tangu mwaka wa 1976 Tanzania ilianza kuhesabu pia maendeleo yake shuleni. Katika Kenya, tathmini ya mwisho wa elimu ya msingi iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022 ilipangwa ili alama 60 katika kila 100 zitoke katika kazi za shuleni. Nia ya mipango yote miwili ni ile ile iliyozaa kazi za mwaka kule Uingereza, nayo ni njema. Mwalimu aliyekaa na mtoto miaka mitatu anamjua kuliko mtahini wa siku moja.

Walakini ujuzi huo hudumu kuwa ushahidi maadamu shahidi hana fungu katika hukumu. Alama ya mtoto ikitumiwa kumweleza mtoto, mwalimu hana sababu kubwa ya kuivuta. Ikitumiwa pia kuipanga shule, kumpandisha cheo mwalimu mkuu au kumshusha, basi mtahini awe wa ndani au wa nje, ngozi itavutwa. Waingereza walibadilisha mtahini, wakabadilisha mahali pa kufanyia kazi, mwisho wakaiondoa kazi yenyewe. Jambo ambalo hawajalijaribu kwa ukamilifu tangu miaka ya 1990 ni kuzitenganisha hukumu hizo mbili: ile ya mtoto, na ile ya wamfundishao.