Nani Atasikilizwa? Habari za Orodha ya Kesi katika Mahakama ya Juu ya Marekani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: orodha, rufani, ombi. Orodha ni majina yaliyoandikwa kwa kufuatana. Rufani ni kuipeleka kesi katika mahakama ya juu, kwa kuwa hukuridhika na hukumu ya mahakama ya chini. Ombi hapa ni karatasi ya kuwaomba majaji wakusikilize.

Leo tunakwenda Marekani, kuitazama mahakama iliyo juu ya mahakama zote za nchi ile. Swali letu ni hili: watu wakiwa wengi, na majaji ni wachache, nani atasikilizwa?

Mahakama hiyo ilikutana mara ya kwanza mwezi wa Februari 1790, katika mji wa New York. Majaji walikuwapo, lakini kesi haikuwapo hata moja. Haba na haba hujaza kibaba. Nchi ikapanuka, reli zikajengwa, biashara ikaongezeka, na ugomvi nao ukaongezeka. Mwaka 1860 orodha ilikuwa na kesi 310. Mwaka 1890 zilikuwa 1,816, na majaji ni 9 tu. Mtu aliweza kungoja miaka mitatu kabla ya kesi yake kusikilizwa. Je, haki inayochelewa hivyo yamfaa nini mwenye shida?

Kwa hiyo mwaka 1891 Bunge la Marekani liliunda mahakama za rufani za katikati, ili zipunguze mzigo. Hata hivyo mzigo ulirudi. Ndipo jaji mkuu William Howard Taft, ambaye zamani alikuwa rais wa nchi, alipolisihi Bunge lifanye badiliko kubwa. Sheria ya mwaka 1925 iliwapa majaji uwezo wa kuchagua wenyewe sehemu kubwa ya kesi watakazosikiliza. Desturi yao ni hii: majaji wanne kati ya tisa wakikubali, kesi inaingia. Wasipofika wanne, ombi limekwisha, na mara nyingi mwombaji haambiwi sababu.

Hapo pana hatari. Wahenga walisema, mnyonge hana haki. Tajiri ana wakili wa kumwandikia ombi zuri. Maskini je?

Sikilizeni habari za Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, katika jimbo la Florida, alishtakiwa kwa kuvunja na kuingia katika nyumba ya mchezo wa biliadi ili aibe. Hakuwa na fedha za wakili. Aliiomba mahakama impe wakili, ikakataa, kwa maana sheria ya Florida ilimpa maskini wakili katika mashtaka ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akafungwa miaka mitano.

Gideon hakuwa na elimu kubwa, lakini alijua kusoma na kuandika. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi, akawaandikia majaji wa Mahakama ya Juu. Ombi lake lilifika Januari 1962. Maombi ya watu wasioweza kulipa ada yaliandikwa katika orodha nyingine, na humo lake lilikuwa namba 890. Mwezi wa Juni majaji walikubali kumsikiliza. Kesi ikahamishiwa orodha ya kawaida, ikapewa namba 155, naye akapewa wakili. Ilisikilizwa Januari 15, 1963. Machi 18 majaji wote tisa walikata shauri kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Kesi ya Gideon ikarudiwa Agosti 1963, mara hii akiwa na wakili, naye akaachiliwa huru.

Mpaka leo Mahakama hiyo huanza kazi Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Kila mwaka hupokea maombi elfu kadhaa, na katika miaka ya karibuni husikiliza kesi 60 hivi. Lakini orodha yake si siri. Majina ya kesi na siku za kusikilizwa hutangazwa mbele. Kwa kawaida kila upande hupewa nusu saa ya kusema, na tangu Mei 2020 watu huweza kusikiliza maneno hayo yanaposemwa.

Basi, ndugu wanafunzi, orodha ni karatasi tu, lakini ndiyo mlango wa mahakama. Raia anayeijua kuisoma huona nani ameingia, nani amebaki nje, na huweza kuuliza kwa nini.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Kwa nini majaji walipewa uwezo wa kuchagua kesi?
2. Uwezo huo una faida gani, na hatari gani?
3. Kama Gideon asingejua kuandika, ingekuwaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.