Rato ya trakta ndogo: mambo ya kupima kabla ya kutoa feza

Butembo na Beni ziko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Mvua inanyesha kwa misimu miwili kila mwaka, na kiangazi katikati yake ni kifupi. Udongo wa vilima ni mwekundu, wa mfinyanzi: ukilowa unateleza, ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Hivyo barabara ya kartie, uwanja wa shule ao kiwanja cha parokia kinaweza kuharibika kwa wiki chache tu.

Kazi kubwa ya kuvitengeneza bado inafanywa kwa mikono, siku ya salongo, kwa jembe, beshi, brueti na rato. Lakini shule, hospitali, shamba kubwa ao kikundi cha majirani kikiwa na trakta ndogo, swali linakuja: je, tununue rato ya kufunga nyuma ya trakta? Na ya namna gani? Feza ya mchango inatoka mufukoni mwa watu wengi. Chombo kisichofaa kitabaki kinakula kutu kwenye parsele ya mtu, na mchango wa pili hautapatikana tena. Haya ndiyo mambo ya kuangalia.

Rato hii inafanya kazi gani

Rato ya trakta ni chuma kirefu kinacholala nyuma ya mashini, chenye meno mengi yaliyopindwa kama mundu. Trakta inaivuta, meno yanapita juu ya udongo. Inafanya vizuri kazi nne: kukusanya mawe, majani na takataka, kusawazisha udongo uliokwisha kulegezwa, kutandaza kifusi ao changarawe iliyomwagwa na kamio, na kutengeneza uso wa uwanja kabla ya kupanda majani.

Haichimbi. Udongo uliokauka na kushikana, visiki, mizizi minene na mashimo marefu si kazi yake. Ukiilazimisha, meno yanapinda ao mikono ya trakta inaumia. Udongo mgumu unalegezwa kwanza kwa pioshi, kwa jembe la trakta, ao kwa sanduku la chuma lenye kisu chini ambalo linakwangua na kubeba udongo. Rato inakuja mwisho. Kama barabara yenu ina mashimo ya kufika magoti, chombo cha kwanza kutafuta si rato.

Pima misumari ya kufungia

Trakta nyingi zinabeba vyombo kwa mikono mitatu: miwili ya chini inayoinua, na mmoja wa juu unaoshikilia. Mpango huu ulitokana na kazi ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1926. Leo vipimo vyake vinafuatwa dunia nzima, na vimegawanywa kwa vikundi. Usiulize tu kama rato «inaingia ku trakta». Chukua rula, pima unene wa misumari:

– Kikundi 0, cha trakta ndogo sana: misumari ya chini na ya juu ina milimita 16 hivi.
– Kikundi 1, cha trakta ndogo na za kadiri: ya chini milimita 22, ya juu milimita 19.
– Kikundi 2, cha trakta kubwa: ya chini milimita 28, ya juu milimita 25.

Rato ya kikundi 0 haiingii vizuri ku trakta ya kikundi 1. Msumari mwembamba ndani ya tundu kubwa unacheza, tundu linapanuka, na siku moja chombo kinaanguka. Kuna pete za chuma za kujaza nafasi hiyo, lakini hazisaidii kama rato yenyewe ni nzito kupita nguvu ya trakta. Tena, zile mashini ndogo za kukatia majani ambazo mtu anakalia juu, nyingi hazina mikono mitatu. Zina ndoano moja tu nyuma. Kwa hizo inatakiwa rato nyepesi ya kukokota, yenye magurudumu yake.

Upana: fuata magurudumu, usifuate tamaa

Wanunuzi wengi wanavutwa na rato pana, wakifikiri kazi itaisha mbio. Kipimo cha kwanza ni trakta yenyewe. Pima kutoka ukingo wa inje wa gurudumu la nyuma la kushoto hadi ukingo wa inje wa lile la kuume. Rato ipite kipimo hicho kidogo, ili ifute alama za magurudumu.

Kumbuka pia kwamba rato nzuri inaweza kugeuzwa kwa pembe, kushoto ao kuume, ili imwage mawe pembeni. Ikigeuzwa, upana wa kazi unapunguka: rato ya metro 1,5 ikiwekwa kwa pembe ya digrii 30 inasafisha karibu metro 1,3 tu. Kama trakta ina metro 1,4 kati ya kingo za magurudumu, rato hiyo itaacha alama.

Kwa trakta ya nguvu ya farasi 15 hadi 25, rato ya metro 1,2 hadi 1,5 inatosha mara nyingi. Juu ya hapo, hadi 40 hivi, mtu anaweza kufika metro 1,8. Ku milima ya Butembo ni heri kuchagua upande wa chini wa vipimo hivi. Trakta inayopanda na mzigo mzito nyuma inapoteza uzito mbele: magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na shofere hawezi tena kuiongoza vizuri. Beni ni tambarare zaidi, na hapo rato pana kidogo haileti shida ile ile.

Meno: ya kununua ao ya sudere?

Meno ya kiwandani yanafanywa na chuma cha resori. Yakigonga jiwe yanarudi nyuma, kisha yanasimama tena. Nafasi kati ya jino na jino ni kama sentimetro 2,5. Mawe madogo kuliko hapo yanapita na kubaki chini.

Masudere wa Butembo na Beni wanaweza kutengeneza rato, na bei inaweza kuwa nafuu kuliko ya kuagiza. Lakini kuna mambo mawili ya kuomba. La kwanza, meno yasiwe ya chuma cha kumwagia beto. Chuma hicho ni laini: kikipinda hakirudi. La pili, kama sudere anatumia resori kuukuu za gari, asiyaunge meno kwa moto. Moto wa kuunga unafanya chuma cha resori kuwa kigumu na chepesi kuvunjika pale pale karibu na kiungo. Meno yafungwe kwa bulo, moja moja. Hivyo jino likivunjika linabadilishwa kwa dakika chache bila kuita sudere tena.

Kwa ile ya kuagiza, vyombo vingi vinavyofika Butembo vinapitia Kasindi, vikitoka Mombasa na Kampala. Uliza kabla: meno ya kubadilisha yanapatikana wapi? Kama muuzaji hana jibu, nunua meno ya akiba siku ile ile, ao acha.

Sehemu mbili zaidi zinastahili feza: msumari wa kugeuzia pembe, ambao shofere aweze kuubadilisha bila nyundo kubwa, na magurudumu madogo ya nyuma yanayozuia meno kuzama. Bila magurudumu hayo, shofere asiye na mazoezi atafanya mawimbi ku uwanja mzima.

Maji ndiyo bwana wa barabara

Hapa ndipo rato inaweza kuleta hasara kuliko faida. Meno yanalegeza udongo wa juu. Ukipitisha rato ku barabara yenye mteremko mukali usiku wa mvua kubwa, udongo ule wote utashuka: kwanza ndani ya kanivo, kisha ku parsele ya jirani wa chini, mwisho ndani ya mto Kimemi. Asubuhi barabara imeshuka sentimetro kadhaa na jirani ana kesi.

Kanuni ni hizi. Safisha kanivo kwanza, kabla ya kugusa barabara. Fanya kazi wakati udongo una unyevu kidogo, siku moja ao mbili kisha mvua, wala si wakati wa vumbi ao matope. Rudisha udongo kutoka pembeni kwenda katikati, ili barabara iwe na mgongo: karibu sentimetro 5 za mteremko kwa kila metro 1. Barabara ya metro 5 basi inatakiwa kuwa juu katikati kwa sentimetro 12 hivi kuliko kingo zake. Mwisho shindilia. Udongo usioshindiliwa ni zawadi kwa mvua.

Wengi wanafanya kinyume bila kujua: wanavuta rato katikati kila mara na kusukuma udongo pembeni. Kisha miezi michache barabara imekuwa mfereji, na kanivo imezibwa.

Usalama na ruhusa

Mtu asisimame juu ya rato ili kuongeza uzito. Ni desturi inayoonekana, na inavunja miguu. Rato iinuliwe kabla ya kupiga kona ao kurudi nyuma. Ku mteremko, trakta ipande na kushuka moja kwa moja. Kupita kwa ubavu kunaweza kuipindua. Watoto wakae mbali, na chombo kishushwe chini kila mara mashini inapozimwa.

Kwa barabara ya watu wote, shefu wa kartie na komini wajulishwe kwanza. Barabara za mji ni kazi ya Office des Voiries et Drainage. Barabara za kitaifa, kama ile namba 2 ya Butembo–Beni, ziko chini ya Office des Routes. Kikundi kinachogusa barabara bila kusema kinaweza kujikuta kinalipa.

Ku eneo la Beni kuna jambo lingine. Tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014, kuacha mashini shambani usiku ni hatari, na kumtuma shofere mbali pia. Rato inayofunguliwa mbio na kubebwa na watu wawili, ili ilale ndani ya parsele, ina faida ambayo haiandikwi ku karatasi ya muuzaji.

Wakati wa kutonunua

Kama hamna trakta bado, hesabu inabadilika kabisa. Kwa avenyu moja ya metro mia chache, kikundi cha watu kumi wenye rato za mkono, beshi, brueti mbili na kipimo cha mbao cha mgongo wa barabara kinaweza kufanya kazi nzuri kuliko trakta isiyo na mafuta. Ndivyo makomite ya vijiji yanavyotunza barabara za mashamba, na feza ya kazi inabaki kwa wakaaji.

Rato ya trakta inaanza kulipa pale ambapo uwanja ni mkubwa, kazi inarudi kila mwezi, na kuna shofere mmoja anayejulikana, aliye na jukumu la mashini. Kabla ya kuchanga, kikundi kijibu maswali matatu kwa maandishi: nani ataendesha, chombo kitalala wapi, na mafuta ya mwezi wa sita yatatoka mufuko gani. Kama swali moja halina jibu, feza iende kwanza ku kanivo.