Mkuza Tengefu: Jina la Ardhi Inayoingoja Barabara

Barabara ya Morogoro ikishuka kutoka Magomeni Mapipa kwenda Fire hukatiza bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani. Ng'ambo moja ni Manispaa ya Kinondoni. Ng'ambo ya pili ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyoitwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021. Barabara kuu ni ya TANROADS, mabasi ya mwendokasi yanasimamiwa na DART, na mitaa inayomwaga watu na mizigo barabarani ni ya TARURA. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, kwenye vilima vya Pugu mto unakoanzia, maji hujaa Jangwani, njia hufungwa, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayelala Kimara hujikuta hana pa kupita.

Hapo ndipo linapoinuliwa daraja jipya la mita 390, sehemu ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo mwaka 2022. Fedha nyingi za mradi wa namna hii huenda kwenye zege, lakini sehemu kubwa huenda kwa wakazi wanaohamishwa. Kila mradi uliopita bondeni hapa umelazimika kuuliza swali lilelile la ardhi: nafasi hii ilitengwa lini, na nani, na kwa fedha ya nani? Jibu ni gumu kupatikana, na sababu moja ni kwamba jambo lenyewe halina jina. Maofisa mipango miji wakizungumza wao kwa wao husema “korido ya barabara ya baadaye”. Kwenye mikutano ya mtaa neno hilo hupotea, na mwananchi huambiwa tu kwamba yuko kwenye hifadhi ya barabara.

Maneno yanayokaribia jambo hilo yako matatu, na yote yanatumika kila siku.

La kwanza ni ushoroba. Maana yake ya nyumbani ni ujia mwembamba, kama ule unaopita katikati ya nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo: vyumba vitatu huku, vitatu kule, na njia inayotoka mlango wa mbele hadi uani. Mjenzi wa nyumba hiyo huuchora ujia kabla ya kuchimba msingi. Akisahau, hawezi kuupata tena ila kwa kuvunja chumba cha mpangaji. Wahifadhi wa wanyamapori walilichukua neno hili kuitia njia ya tembo na nyumbu kati ya hifadhi na hifadhi, kama ule ushoroba wa Kwakuchinja unaounganisha Tarangire na Manyara, na mwaka 2018 shoroba hizo zikatungiwa kanuni. Kisha wachukuzi nao wakalikopa. Ushoroba wa Kati, wenye wakala wake tangu makubaliano ya 2006, ni njia nzima ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo: reli, barabara, maziwa, mizani na vituo vya forodha kwa pamoja. Neno limepanuka kiasi kwamba halimwambii mwenye nyumba ya Jangwani chochote kuhusu ukuta wake. Ushoroba wa namna hiyo ni uhusiano kati ya mahali na mahali. Hauna upana wa kupimwa kwa kamba.

La pili ni hifadhi ya barabara. Hili lina nguvu ya sheria. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipokuja, mita zikawa 30. Kutokana na tofauti hiyo ya mita 7.5 tukapata rangi mbili za alama ya X inayopakwa kwenye nyumba. Nyekundu humwambia mtu kwamba alijenga ndani ya hifadhi ya zamani, basi avunje bila malipo. Kijani humwambia kwamba barabara ndiyo iliyomfuata alipo, na anastahili fidia. Watanzania wasiowahi kuufungua ukurasa mmoja wa sheria hiyo wanazijua rangi zake vizuri.

Lakini hifadhi ya barabara ni neno la barabara iliyopo, na hutajwa zaidi siku ya kuvunja. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kutoka Kimara hadi Kiluvya, ambako hifadhi haikuwa mita 30 za kawaida bali ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Leo barabara ya njia nane inapita pale hadi Kibaha, na mtu wa haki lazima akubali kwamba isingewezekana bila upana ule uliotajwa miaka mingi nyuma. Mtu huyohuyo akubali pia kwamba waliovunjiwa walikuwa wakiishi humo kwa miaka mingi, na wengine walikuwa wameunganishiwa umeme na maji na mashirika ya umma. Ardhi ilikuwa imetengwa kwenye karatasi. Kwenye udongo haikulindwa.

La tatu ni mkuza, na kwa maoni yangu ndilo lililokaa karibu zaidi na tunachokitafuta. Wahandisi hulitumia kwa kipande kirefu cha ardhi kinachopitisha nyaya za umeme, reli au bomba. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina mkuza wa mita 30 katika urefu wa kilomita 1,443. Uzuri wa mkuza ni kwamba unasikika kama kitu cha ardhini: una mwanzo, mwisho, upana na mawe ya mipaka. Wanavijiji waliopitiwa na bomba hilo walilijua neno pamoja na mthamini aliyekuja kuhesabu migomba na makaburi. Mkuza kwao ulikuja na karatasi ya malipo.

Upungufu wake ni mmoja. Mkuza hausemi ni wa lini. Barabara ya miaka 20 ijayo inahitaji neno lenye kungoja ndani yake, na neno hilo tunalo tayari, tena kwa walewale wahifadhi waliotupa ushoroba: tengefu. Pori tengefu kwa sheria ya zamani ya wanyamapori, kabla ya ile ya 2009, lilikuwa eneo lililowekwa kando kwa kusudi maalumu, ilhali watu waliendelea kuishi humo kwa masharti. Ndiyo hali hasa ya ardhi inayosubiri barabara. Mwenye nyumba bado yumo, anapika, anapangisha vyumba, ila anajua asipandishe ghorofa. Napendekeza basi mkuza tengefu: kipande cha ardhi kilichopimwa na kutangazwa kwa ajili ya barabara ambayo bado haijajengwa.

Kuna sababu nyingine ya kuling'ang'ania shina hilo, na kwangu ndiyo kubwa. Kitenzi kutenga hutumika kwa ardhi na hutumika kwa fedha. Diwani husema “tumetenga eneo la shule”, na dakika mbili baadaye “tumetenga milioni hamsini”. Ardhi isiyotengewa fedha haijatengwa. Imechorwa tu.

Jiji hili limechorwa sana. Wajerumani walipanga mitaa ya Kariakoo kwa mistari iliyonyooka kuelekea Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza wakaiendeleza. Ukaja mpango kabambe wa 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979, na huo wa mwisho ukabaki kuwa ndio mpango wa jiji kwa zaidi ya miongo mitatu huku jiji likiongezeka mara nyingi. Sehemu moja ya katikati ya mji iliyotengwa kwelikweli ni Mnazi Mmoja, na kusudi lake lilikuwa baya: kuweka uwazi kati ya mtaa wa Wahindi na mtaa wa Waafrika. Serikali ya kikoloni iliweka nguvu na fedha kuulinda uwazi ule, ndiyo maana bado upo. Kutenga ardhi mjini kunawezekana, basi, pale mwenye mamlaka anapotaka.

Mwendokasi ulipofika Kariakoo ulikuta mji uliokwisha kujaa. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Huko Ubungo na Manzese njia zake zilipata nafasi ndani ya upana wa Barabara ya Morogoro. Kutoka Fire kwenda Gerezani hapakuwa na nafasi iliyoachwa, ikabidi mabasi yapitishwe katika Mtaa wa Msimbazi, katikati ya maduka. Karakana ya mabasi nayo iliwekwa Jangwani, bondeni, ardhi ambayo ilikuwa wazi kwa sababu ni ya mafuriko. Miaka michache kabla, Desemba 2011, mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na wakazi wa bonde hili wakapelekwa Mabwepande. Jiji lililokosa mikuza hujenga palipobaki, na palipobaki mara nyingi ni pa maji.

Sasa fedha. Mfuko wa Barabara hupata mapato yake hasa kutokana na tozo ya mafuta, na sheria yake inataka angalau asilimia 90 ziende kwenye matengenezo na dharura. Ni sheria nzuri, imeziokoa barabara nyingi zisife, lakini haikuundwa kununua kiwanja cha barabara ya mwaka 2045. Tangu Julai 2017 barabara za halmashauri ziko mikononi mwa TARURA, na mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita kuisaidia. Halmashauri kwa upande wake imebaki kuwa mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwa hiyo anayechora mstari ni mmoja, anayejenga ni mwingine, na ukifungua bajeti za wote wawili ni shida kuona kasma ya ardhi ya barabara ambayo haijaanza kusanifiwa. Kodi ya majengo, ambayo kwa asili yake ndiyo ingefaa kazi hii, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na mwaka 2021 ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU.

Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inaongeza ugumu kwa nia njema kabisa. Uthamini wa fidia usipolipwa ndani ya miaka miwili hufa, na kazi huanza upya kwa bei mpya. Hiyo inamlinda mwananchi asilipwe leo kwa bei ya juzi. Inamaanisha pia kwamba halmashauri haiwezi kuthamini ukanda mzima, ikaweka jalada kabatini, na kungoja mfadhili. Ikitaka mkuza, iwe na fedha ya kulipa vipande vyake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Mji wa Perth, Australia, ulilitatua jambo hili mapema. Mwaka 1959 jimbo lake lilitunga kodi maalumu ya ardhi, ndogo, inayoingia kwenye mfuko wa kununua ardhi iliyotengwa na mpango wa mji kwa barabara kuu na maeneo ya wazi. Mwenye ardhi iliyo ndani ya mstari, mipango ikimkwaza, anao mfuko wa kuuendea. Kodi hiyo ipo mpaka leo. Hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha kwamba jambo kama hilo linaweza kuandikwa katika sheria zetu: halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Asilimia moja tu kwa ajili ya mikuza, kwa Jiji lenye eneo kubwa la biashara kama Kariakoo, ingeanza kulipa viwanja vya kona, vile vinavyozuia barabara nzima kwa sababu ya vibanda viwili.

Itakuwa halali kuuliza kama jina jipya halitakuwa tu X ya rangi ya tatu. Litakuwa hivyo likiingia mtaani bila masharti yake. Mkuza tengefu unaostahili kuitwa hivyo uandikwe kwenye mchoro wa mipango miji ukiwa na upana wake kwa mita, jina la taasisi itakayojenga, kasma ya fedha itakayolipa, na bikoni zilizosimikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wenye nyumba. Nakala ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, si makao makuu ya wizara peke yake. Na uwe na tarehe ya kufa. Miaka kumi, tuseme, ikipita bila kulipwa wala kuhuishwa na baraza la madiwani, mstari ufutike wenyewe na mwenye kiwanja apewe kibali cha kujenga anavyotaka.

Bonde la Msimbazi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa mradi unaoendelea umekwisha kuwalazimisha Kinondoni na Jiji kukaa meza moja, na wapimaji wako uwanjani. Daraja likikamilika, kingo za bonde zitapanda thamani haraka, na vichochoro vinavyoshuka kutoka Kigogo, Magomeni na Kariakoo vitatakiwa kuwa barabara. Viwanja vingi huko bado vina nyumba za chini, za vyumba sita na uani.