Chupa ya Kjeldahl na maziwa yaliyowaua watoto

Machi 7, 1883, mjini Copenhagen, Johan Kjeldahl aliwaeleza wanakemia wenzake wa Denmark njia mpya ya kupima nitrojeni. Miaka zaidi ya 140 imepita, na maabara za chakula bado zinaitumia.

Kjeldahl aliongoza idara ya kemia katika Maabara ya Carlsberg, iliyoanzishwa mwaka 1875 na mwenye kiwanda cha bia, J. C. Jacobsen, kwa sharti ambalo wanaoisimulia maabara hiyo hawachoki kulitaja: ugunduzi wenye manufaa usifichwe. Ndiyo maana njia hii ilienea haraka. Kabla yake, wengi walichoma sampuli na kupima gesi, kwa utaratibu wa Mfaransa Dumas, kazi ya taratibu mno. Kjeldahl aliichemsha shayiri chupani katika asidi kali ya salfuriki, akaongeza soda kali, akaunasa mvuke wa amonia na kuupima. Ili kupata protini, jibu huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini hukadiriwa kuwa na nitrojeni asilimia 16. Kwa maziwa ni 6.38.

Lakini chupa ile haiulizi nitrojeni imetoka wapi. Wachina waliotia maji kwenye maziwa walilijua hilo. Wakaongeza melamini, kemikali ya kutengenezea sahani, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kipimo kikasoma protini ya kutosha. Kampuni ya maziwa ya China, Sanlu, ilikuwa ikipokea malalamiko ya wazazi tangu mwishoni mwa 2007. Mwanzoni mwa Agosti 2008, Olimpiki ikikaribia Beijing, mbia wake Fonterra wa New Zealand akaarifiwa, lakini wananchi hawakuambiwa. Ni baada ya serikali ya New Zealand kuifikishia Beijing habari, Septemba, ndipo maziwa yakaondolewa madukani. Watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa mawe kwenye figo, sita walikufa. Wiki zile za ukimya hazisameheki. Tanzania nayo ilipiga marufuku maziwa ya China.

Siku hizi maabara huisaka melamini yenyewe kwa mashine nyingine. Njia ya Dumas imerudi, ikitoa jibu kwa dakika chache, ila nayo huhesabu nitrojeni yote. Na kwenye pakiti madukani kwetu protini huandikwa kwa gramu tu. Mama anayemnunulia mwanawe maziwa haelezwi popote kuwa namba ile ni nitrojeni iliyozidishwa.