Jinsi Metali za Aloi Zinavyopenya Kauri ya Meno Tanurini

Taji la jino la aina ya metali na kauri huwa na kiini cha aloi kilichosubiwa kulingana na kisiki cha jino, kikapakwa kauri na kuchomwa tanurini, mara nyingi kwa joto la nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi. Aloi haiyeyuki kwa joto hilo, lakini atomi zake hazitulii.

Dhahabu haiungani na oksijeni kwa urahisi, hivyo peke yake hushika kauri kwa shida. Ndiyo maana huchanganywa na bati, indiamu au chuma kidogo. Fundi sanifu wa meno huanza kwa kuichoma aloi tupu. Metali hizo hupanda hadi usoni na kufanya utando mwembamba wa oksidi. Kauri inapolainika kuwa kioo, oksidi huyeyukia ndani yake, na ioni za metali hupenya mikromita chache. Upenyaji huo mdogo husaidia kuishikiza kauri kwenye aloi. Katika aloi za nikeli na kromi tatizo hugeuka: oksidi hunenepa kwa kila uchomaji, na ikizidi, kauri hubanduka pamoja nayo.

Fedha ndiyo inayofundisha zaidi. Baada ya bei ya dhahabu kupanda miaka ya 1970, aloi za paladiamu na fedha zilienea, na kauri nyingine zikaanza kutoka na rangi ya manjano au kijani, hasa karibu na ufizi ambako kauri ni nyembamba. Ioni ya fedha hubadilishana nafasi na sodiamu ya kioo, kisha hujikusanya kuwa chembe ndogo mno zinazotia rangi. Mafundi wa vioo vya makanisa ya Ulaya walipata manjano yao kwa njia hiyohiyo tangu karne ya 14. Fedha pia huwa mvuke na kuganda kwenye kuta za tanuri, hata taji lisilo na fedha likachafuka baadaye. Kauri yenye sodiamu kidogo na tanuri lililosafishwa hupunguza madhara hayo.

Kina cha upenyaji hupimwa kwa kukata taji na kulichunguza kwa miali ya elektroni. Vipimo hivyo visomwe kwa tahadhari kubwa: miali yenyewe hutawanyika kama mikromita moja ndani ya sampuli, kwa hiyo hata mpaka mkali huonekana kama umefifia, na metali ikadhaniwa imesafiri mbali kuliko ilivyosafiri.